Safari Isiyo na Mahali

Akoth mwanangu,

Salamu sikupi. Tumeonana asubuhi, tumegombana asubuhi, na sasa hivi uko kwa Bi. Asha unasukwa nywele za kwenda nazo Nairobi, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Nimekaa mezani, mlango nimeuacha wazi, jua bado linaupiga mwamba wa Tororo, nami nitaandika mpaka Bi. Asha akuachie kichwa chako. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku. Isome kesho kabla hatujatoka, kwa sababu njia tutakayopita si ile unayoifikiria.

Sitakuambia uvae sweta wala ule vizuri wala usifungulie watu mlango. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na meno mawili, na yasiyokuingia basi hayataingia tena. Nataka kukujibu lile neno ulilonirushia huku unakunja nguo. Ulisema, "Mama, nimechoka kuwa mtoto wa labda. Wenzangu wana baba au hawana. Mimi nina nini?" Nami nikakwambia ufunge mdomo na sanduku pamoja. Nilikuwa mkali kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Ndiyo tabia yangu, umekula chumvi yangu miaka mingi, unaifahamu.

Unakwenda kufanya kazi ambayo mimi nimeifanya kwa mikono, wewe utaifanya kwa mashine. Bwana Mutiso ameniandikia kutoka Nairobi kwamba kadi zao zote za wadudu, ndege na mimea zitatobolewa matundu na kuingizwa kwenye kompyuta, na kwamba anataka mtu anayejua droo za kadi. Wewe unazijua droo. Umekulia kati yake, umenusa naftalini kuliko ulivyonusa manukato. Lakini kuna jambo moja kuhusu droo zetu ambalo sijawahi kukueleza likanyooka. Kila nilipolianza nililiacha katikati, na wewe ukaokota vipande vipande kwa majirani.

Nianze pale ambapo mimi na baba yako tulianzia, yaani hapa kituo cha utafiti. Nilikuwa binti wa mwenye malori, Kiswahili cha nyumbani, mwandiko mzuri, basi wakanipa kazi ya kuandika lebo katika ghala la wadudu. Baba yako alikuwa mkusanyaji. Alitoka kwao Nabuyoga na wavu, chupa ya sumu ya kuulia wadudu, na miguu mirefu, akazunguka nchi hii yote ya mpakani akirudi na vipepeo, mbung'o, mende wa kila rangi. Kwao aliitwa Owor. Aliposilimu ili anioe, baba yangu akampa jina Yusufu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemwita mara nyingi zaidi, likamkaa.

Alikuwa na kosa moja kazini, nalo lilikuwa tamu. Hakuandika. Wenzake walikuwa na penseli sikioni, kila mdudu akianguka kwenye chupa wanaandika papo hapo: wapi, lini, juu ya mti gani. Yusufu alisema jasho lake linafuta penseli. Alimkunja kila kipepeo katika kijikaratasi cha pembe tatu kisicho na maandishi, akarudi nyumbani, akaoga, akala, kisha akalala chali mkekani na kuniimlia. "Huyu wa kwanza ni wa Dabani, kwenye mashamba ya pamba, asubuhi umande haujakauka. Huyu wa pili hapohapo. Huyu wa tatu tulipigana, aliniingiza kwenye miiba." Hakukosea hata mmoja. Mimi naandika, yeye anasema, wewe umelala katikati yetu. Mkuu wa ghala alikuwa akinung'unika kwamba mkusanyaji asiyeandika shambani ni balaa linalongoja siku yake. Nilimcheka. Niliona ni wivu tu, kwa kuwa mkewe yeye hakuwa anamsikiliza.

Siku alipoondoka usipate kudhani kulikuwa na dalili. Ndoto sikuota, bundi hakulia. Ulikuwa mwaka wa pili wa serikali ya askari, na sisi bado tulikuwa tunajidanganya kwamba ni shida za Kampala. Alikunywa chai amesimama. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema, "Buteba, au njia itakavyoruhusu." Akavuta mlango.

Tazama maneno yale, Akoth. Buteba, au njia itakavyoruhusu. Nimeyaandika kwa mkono mzito, kwa kuwa kwa miaka mingi nusu ya pili haikuwemo kichwani mwangu.

Hakurudi jioni ile, wala kesho yake. Nilikwenda polisi wakaniambia nisiulize. Nilikwenda kambini, kijana mmoja mwenye miwani nyeusi akaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu, akasema mume mwenye wavu na chupa ya sumu anayezungukazunguka mpakani ana kazi gani. Nikamwambia anakamata vipepeo. Alicheka sana. Kicheko kile bado kinanijia nikiwa naosha vyombo, na huwa nasimama mpaka kipite.

Kisha asubuhi moja mlinzi wa kituo akaukuta mfuko wa Yusufu umening'inizwa kwenye ua wa seng'enge. Nani aliuleta, hatujui mpaka leo. Pengine mtu mwema aliyeogopa, pengine mmoja wao aliyeona haya. Ndani hamkuwa na chupa wala wavu. Mlikuwa na vijikaratasi vya pembe tatu, vimebanana vizuri kama alivyokuwa akivibana, kila kimoja kina kipepeo ndani, na hakuna kilichoandikwa neno.

Nilivipeleka nyumbani, nikavipanga mkekani, nikakaa nikisubiri aniimlie. Sikuambii kwamba nilisikia sauti, mimi si mtu wa mambo hayo. Nakuambia tu kwamba nilishika kalamu na nikangoja, na ulipoamka ukanikuta bado nangoja.

Sasa sheria ya ghala unaijua. Mdudu asiye na mahali wala siku hana kazi, hutupwa. Anaweza kuwa mzuri namna gani, kama hujui alitoka wapi ni pambo tu. Mkuu wa ghala alikuwa mtu wa huruma, aliniambia, "Zainabu, hawa siwezi kuwaingiza. Nenda nao nyumbani uwe nao." Nilikataa. Kuwaondoa wale vipepeo kituoni ilikuwa kama kumfukuza Yusufu kazini. Basi nikakaa mezani nikawaandikia lebo. Mkusanyaji: Y. Owor. Mahali: Buteba. Siku: ile aliyoondoka. Nikawachoma pini, nikawapanga kwenye sanduku la kioo. Hapakuwa na nafasi kwenye lebo ya kuandika "au". Lebo ni kipande kidogo kama ukucha.

Hilo ndilo nililolifanya, na wakati nalifanya niliona ni mapenzi.

Ndugu walipokuja kutoka Nabuyoga, baba yako mdogo Obbo mbele yao, wakaniuliza, "Alikwenda wapi?" Nikasema Buteba. Hawakuniuliza ninajuaje, nami sikujiuliza. Nilikuwa nimeiandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu mzuri, mara nyingi kadiri ya wale vipepeo, na kila nilipoisoma iliniambia kile kile. Wakenda Buteba. Walipita shamba kwa shamba, wakatazama vichakani na kwenye mikondo ya maji, wakawauliza watu mpaka watu wakaanza kufunga milango. Obbo alipigwa na askari kwa ajili ya maswali yale, ule mguu anaouburuta ndio malipo yake. Walirudi tena msimu uliofuata. Na mimi kila walipochoka niliwaambia, "Ni Buteba, nina hakika." Nilikuwa na hakika kweli. Kitu ulichokiandika mwenyewe kinakushawishi kuliko alichokisema mtu.

Ukawa mkubwa. Ghala likaanza kuwa gofu. Mafuta ya taa yalichukuliwa, na siku moja askari walikuja wakaipenda spiriti ya kwenye mitungi ya nyoka, wakaimimina kwenye vikombe wakainywa mbele yangu, nyoka wamebaki chini ya mitungi wakikauka. Mmoja akaniuliza kama ina madhara. Nikamwambia, "Kwa nyoka, hapana." Mungu anisamehe, hiyo ndiyo siku pekee niliyocheka kwa moyo mkunjufu humo ndani.

Kisha akaja Bwana Mutiso. Wewe unamkumbuka kwa biskuti alizokuletea. Alitumwa kutoka Nairobi kabla Jumuiya haijavunjika, atutayarishe tuweze kuunganisha makusanyo yetu na yao. Akafungua daftari letu kubwa, lile la tangu enzi za Wazungu, ambamo kila mstari ulibeba kila kitu: mdudu, jina lake, mahali, wilaya, mkusanyaji, siku. Wakati ule serikali ilikuwa imezigeuza wilaya majina, nami nilikuwa nimekaa miezi nakata na kuandika upya, mstari kwa mstari, na mistari mingine nikaisahau, hivi kwamba kijiji kimoja kilikuwa katika wilaya mbili. Mutiso alinitazama kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake anachota maji kwa pakacha.

"Mama Akoth," akasema kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, "kila kitu kina nyumba yake. Mtu ana nyumba yake, mahali pana nyumba yake, safari ina nyumba yake, mdudu ana nyumba yake. Jambo moja liandikwe mara moja tu, katika nyumba yake. Wakitaka kujuana, waitane kwa namba."

Ndivyo tulivyoanza zile droo nne. Na katika zote iliyonishangaza ni ile ya safari. Mimi nilidhani mdudu anahusiana na mahali. Mutiso akasema la, mdudu hajui mahali. Kinachojulikana ni kwamba mtu fulani alifika mahali fulani siku fulani, na huyo mdudu akatoka katika safari hiyo. Ukikosea safari, umekosea wadudu wake wote kwa mpigo mmoja. Na ukiirekebisha, umewarekebisha wote. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakutungia mifano wakati napika, mpaka ukawa unasema, "Mama, nipe ugali wenye namba."

Nilizifanya kadi za safari za Yusufu zote mwenyewe. Ziko nyingi, unazijua, zinajaza nusu ya droo. Kila kadi niliyoiandika niliona tena mkeka na taa na miguu yake mirefu. Nikafika ile ya mwisho. Nikaandika Buteba bila kusita, nikampa Mutiso aikague.

Mutiso hakukagua kadi tu, alikuwa na ugonjwa wa kukagua na karatasi. Aliniomba vile vijikaratasi vya pembe tatu, ambavyo sikuwa nimevitupa. Akavikunjua chini ya lenzi kimoja kimoja. Kisha akaniita. Ndani ya mikunjo kulikuwa na vitu vidogo vimeganda, vya kijivu, nilikuwa nimeviona tangu siku ya kwanza nikadhani ni takataka.

"Hivi ni visubi vya ziwani," akasema. "Vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi. Vimo katika kila karatasi. Buteba kuna ziwa, Mama Akoth?"

Buteba hakuna ziwa. Ziwa liko kule chini, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Na hapo ndipo ile nusu ya pili iliponirudia, pamoja na mlio wa mlango na harufu ya chai. Buteba, au njia itakavyoruhusu. Njia ya Buteba haikuruhusu siku ile, pengine palikuwa na kizuizi cha askari, akageuza, akashuka ziwani. Na sisi miaka yote tulikuwa tunamtafuta pale aliposema anakwenda, si pale alipokwenda.

Nililia mbele ya mgeni, Akoth. Nililia mpaka Mutiso akatoka nje kunipisha. Aliporudi hakunituliza kwa maneno ya mafuta. Alikaa, akasema, "Kosa si lako peke yako. Kadi yetu ilikuwa na nafasi ya mahali, haikuwa na nafasi ya kusema nani kasema na anajuaje." Tukaongeza nafasi hiyo. Ndiyo ile unayoiona chini ya kila kadi ya safari. Na akanifundisha kwamba nafasi tupu nayo ina aina zake. Kuna tupu kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Kuna tupu kwa kuwa tumeuliza na hatujui. Mwenye kuzichanganya hizo mbili atampotezea mwenzake miaka. Ile Buteba nikaikata kwa mstari mmoja, isomeke bado, nisije nikajifanya sikuwahi kuiandika. Juu yake nikaandika: imeulizwa, haijulikani.

Obbo nilimweleza mwenyewe. Nilikwenda Nabuyoga, nikapiga magoti uani, mimi niliyekuwa simpigii mtu magoti. Nilingoja anitukane. Aliutazama mguu wake, kisha akachukua fimbo akaenda ziwani siku ileile. Alizunguka vijiji vya ufukweni kwa wiki nyingi. Mwanamke mmoja muuza samaki alimjibu, "Mwaka ule walileta watu wengi huku. Wa kwako alikuwa yupi?" Obbo akaanza kumweleza, mrefu, mwenye wavu, anayecheka kwa pua. Yule mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye samaki wake. Hapo ndipo ilipokwisha.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya niandike leo.

Unajua desturi ya kwao baba yako. Mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, likafungwa sanda, likazikwa uani kwa machozi yote na nyimbo zote. Bibi yako aliniomba tumzike Yusufu hivyo. Nilikataa. Baba yangu angekuwa hai angesema ni ushirikina, nami nilijificha nyuma yake. Sheikh aliponiambia mke wa aliyepotea hungoja, kisha hukaa eda, nikamkatalia pia, huko nikajificha nyuma ya desturi za Nabuyoga. Bibi yako akafa mwanawe hajazikwa hata kwa tunda. Alikuwa akiniangalia kitandani pale, na macho yale sijaweza kuyakwepa. Naingia jikoni yamo. Nafungua droo yamo.

Na baada ya visubi vile nikawa mbaya zaidi. Nikasema, tazama, niliwahi kujaza nafasi tupu kwa kubahatisha, nikawaponza watu wote. Sitajaza tena. Sitaandika kwamba amekufa wakati sijui. Sitazika tunda nikasema nimezika mume. Nilijiona mtu mkweli kuliko wote Tororo. Na wewe ukakua katika ukweli wangu huo, hujui kama ukae matanga au umngoje mlangoni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwekea chakula. Nilikuacha uweke. Nilikiona kinaganda kwenye sahani, nami nikakuacha.

Wiki iliyopita Obbo alikuja, ulikuwa sokoni. Alisikia unaondoka. Alisema mtoto havuki mpaka wa nchi akimwacha baba yake hewani, akifika ng'ambo ataenda na nani? Nikamtolea mahubiri yangu ya kadi na nafasi tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini, huku anaukanda mguu. Kisha akasema:

"Shemeji, wewe nasema sisi nataka danganya watu. Nani nadanganya? Kila mtu naona ile ni tunda. Hata mtoto naona ni tunda. Hapana mtu anasema hii ni Owor. Sisi nasema, Owor hapana hapa, tumetafuta, hatujui iko wapi. Lakini nafasi yake iko hapa, kwao, karibu na mama yake. Sasa uwongo iko wapi?"

Niliwasha jiko nikampikia chai.

Aliyoyasema ni yaleyale ya Mutiso, ila Mutiso alinifundisha nikaelewa, na Obbo na ndugu zake wamekuwa wakiniambia miaka yote nikaona ni ushamba. Lile tunda halijazi nafasi. Lile tunda ndiyo nafasi yenyewe, imewekewa alama ili watu waione na wakae kuizunguka. Mimi niliyeacha patupu bila alama yoyote ndiye niliyekuacha hujui kama kuna mtu aliyeulizwa. Nilikuwa nimezichanganya zile tupu mbili tena, mara hii si kwenye kadi, kwa mtoto wangu mwenyewe.

Huko Nairobi utakutana na mashine isiyopenda nafasi tupu. Mutiso ananiambia inataka tarakimu katika kila tundu, na vijana wake wanaipa sifuri ili inyamaze. Utachoka, utakuwa na rundo la kadi na bosi mlangoni, na utataka kuipa kitu. Mwanangu, wewe pigana nao. Waambie watafute alama ya kutojua. Si kwa ajili ya vipepeo, vipepeo wamekwisha kufa. Ni kwamba siku moja mtu ataisoma ile kadi akaichukua fimbo akaanza safari.

Na mimi je? Utaniuliza kwa nini nisije nawe. Ghala hili lina mimi na popo tu sasa, wenzetu wa Kenya wamekwenda kwao, mshahara unakuja unapojisikia. Lakini kadi zake ziko hapa, na anayejua ipi alisema yeye na ipi niliiongeza mimi, ni mimi peke yangu. Nikiondoka, makosa yangu yatakuwa ukweli. Nipe muda niyapitie.

Basi kesho iko hivi. Gari la Bi. Asha litatuchukua alfajiri, lakini halitakwenda Busia mpakani moja kwa moja. Litapitia Nabuyoga. Obbo ameshachimba. Tunda la mwegea lilikatwa jana, sanda nimeishona mimi, ndiyo ile kazi uliyonikuta nayo nikakudanganya ni foronya. Shangazi zako watalia kwa sauti na wewe hujazoea, usiogope, lia nao ukipenda, na kama chozi haliji usilikamue. Wewe ni mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo udongo wa kwanza ni wako. Ukimaliza tutanawa mikono, tutakula, nami nitakupeleka mpaka kwenye kizuizi cha Busia, na zaidi ya hapo hawataniruhusu.

Wamenitaka niseme neno kabla ya udongo, kama mke. Nimelitafuta tangu wiki ile. Nilitaka kusema alikuwa mwema, alikuwa mrefu, hakukosea mdudu hata mmoja, na nikaona kila mtu pale anayajua hayo. Kwa hiyo nitasimama mbele ya watu wa baba yako, ambao nimewanyima maneno haya muda wote huu, nitaiwekea mkono ile sanda, na nitasema: Sijui alifia wapi. Sijui alikufa lini. Sijui kama alikufa. Nilimpenda, nimemtafuta, na hivi ndivyo ninavyojua. Kisha nitasogea pembeni, mwanangu, ili upite.

Mimi niliyekuzaa, mimi pamoja na yeye,
Zainabu